Watoto wa Simbamangu wa Roslagen

Nimekabidhi funguo, nimekula keki, nimepewa ua la chungu ambalo tayari linakufa, na sasa mnaniambia niandike. Nyinyi wawili mliorithi meza yangu, mmoja mzaliwa wa Alby na mwingine wa Jordbro, huko pembezoni mwa Stockholm, mnakielewa Kiswahili changu vizuri sana, kisha mnanijibu kwa Kiswidi bila haya. Kwa hiyo haya nayaandika kwa Kiswahili, mjitaabishe kidogo. Ripoti za Kiswidi nimeziandika maisha yangu yote ya kazi. Ziko kabatini, zisomeni siku mtakayokosa usingizi. Nani alipandishwa cheo na nani alilipwa nini hamtayakuta humu, maana hayo hayakunifurahisha hata yalipokuwa yakitokea.

Nataka kuwasimulia miaka ya themanini, nilipokuwa mgeni wa nchi na mgeni wa kazi. Nitaanza na jina la mnyama mwenyewe. Waswidi humwita lo, neno ambalo sisi tunalitoa kinywani tukistaajabu, na sijawahi kuona jina lililomfaa mwenyewe namna hiyo. Ni paka mkubwa wa misituni, mrefu wa miguu, mkia mfupi utadhani fundi alichoka kabla ya kumaliza, na ncha za masikio zina vishungi vyeusi. Kwetu Taita yuko ndugu yake mwembamba, simbamangu, mwenye vishungi hivyo hivyo, ila yeye hajui theluji ni kitu gani. Mimi nimewaita wote simbamangu tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kubadilika uzeeni.

Nilikuja Stockholm kumfuata mume wangu Mwakio, aliyekuwa akisomea uhandisi. Tulikaa Hagsätra, mwisho kabisa wa reli, na nilikuwa na shahada ya elimu ya wanyama na koti la mtumba lililofungwa kwa pini. Nikaandika maombi kila mahali palipokuwa na neno mnyama mlangoni. Jibu lilitoka katika taasisi moja ndogo iliyokuwa ikichunguza wanyama wakali wa Uswidi. Kila simbamangu aliyekufa, kwa risasi, kwa gari au kwa maradhi, aliletwa pale. Tulimpasua na kumsoma ndani na nje, kisha tukaishauri serikali kama waliobaki wana afya, kama wanazaana, na wawindaji waruhusiwe kuua wangapi au wasiruhusiwe kabisa. Wakati ule walikuwa haba. Ukikosea ushauri mara mbili tatu, unaweza kuwamaliza katika wilaya nzima na usijue mpaka theluji ikae bila nyayo.

Aliyenipokea ni Åke, fundi wa maabara, mzee mwenye sikio moja lisilosikia. Nikamwita Bwana Åke, naye akageuka kutazama ni nani aliyeingia nyuma yake. "Åke tu," akasema. Kwetu mtu wa rika la baba yako humwiti jina tupu ukabaki salama, kwa hiyo ulimi wangu ulichukua muda kukubali. Moyoni nilimwita Mzee mpaka siku tuliyomzika.

Juu ya meza alilala simbamangu jike, bado ameganda kidogo. Nilidhani nitapewa kisu. Åke akaushika mguu wa mbele, akanigeuzia wayo, akasema, "Pulizia." Nikapulizia. Manyoya kati ya vidole yakafunguka, nikayaona yanavyoingia ndani, mazito, laini, tabaka juu ya tabaka, na wayo wenyewe mpana kuliko kiganja changu. Akaniambia mnyama huyu anapita juu ya theluji ambayo mimi ningezama mpaka kiunoni, na sungura hajui amepitiwa. Nilisimama pale nimeushika mguu ule kwa mikono miwili. Machozi yalinilenga, nikasingizia harufu ya spiriti. Åke akaniambia siku nitakayoizoea kazi nisistaajabu tena nimjulishe mapema, ili atafute mtu mwingine. Asubuhi yote ile hatukupasua kitu.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache, na vingine mngevicheka. Kulikuwa na visu vidogo, koleo, msumeno mwembamba wa kukatia meno, na sufuria ya kuchemshia mataya ambayo mgeni mmoja aliwahi kuifunua akidhani ni chakula cha mchana. Jino la chonge ukilikata jembamba na kulitia rangi, chini ya hadubini unaona mistari, na kila kipupwe mnyama alichokiishi kina mstari wake. Lakini kilichonishika roho ni mfuko wa uzazi. Tuliufungua kwa mkasi, tukautandaza juu ya kioo chenye taa chini yake. Pale kila mtoto aliposhikamana na mamaye hubaki doa jeusi, na doa hilo halifutiki upesi, hata watoto wakishakuwa wakubwa wa kukimbia. Mara ya kwanza nilipoyaona madoa hayo nilikuwa na mimba ya binti yetu Wakio. Nikaweka mkono tumboni, nikashindwa kufanya kazi kwa muda. Åke aliliona hilo, akaenda kutengeneza kahawa ambayo hakuna aliyeiomba.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mwakio alinipokea mlangoni na taulo, sio busu, na hakuniruhusu niketi popote kabla sijaoga. Siku za Jumapili tulikutana Wakenya, Waganda, Wakongo, kila mtu na Kiswahili chake, na mtu akiniuliza nafanya kazi gani Mwakio alinikata kalima: "Yuko ofisi ya serikali." Baadaye Wakio alipoanza shule ya chekechea aliwatangazia walimu kwamba mama yake anapasua paka. Nikaitwa. Nilipoeleza, mwalimu mkuu alitaka kuja kuona, na mpaka leo hunitumia kadi.

Msituni pia nilifundishwa na Åke. Theluji ikianguka, asubuhi yake unakizunguka kipande cha msitu mpaka urudi ulipoanzia, ukitazama nyayo zinazoingia na zinazotoka. Zikiingia bila kutoka, mnyama yumo. Sisi tulifanya hivyo ili tuwahesabu. Wawindaji hufanya hivyo hivyo, kisha wanasimama na bunduki pande zote. Kuna jambo moja ambalo Åke alinirudia mpaka nikaliota. Simbamangu mama na watoto wake hutembea mmoja nyuma ya mwingine, na kila mmoja hukanyaga palepale alipokanyaga wa mbele. Unaona njia ya mnyama mmoja, kumbe ni familia nzima. Kwa hiyo usiseme neno mpaka umezifuata nyayo hizo mahali pa kuzitawanya, penye gogo, penye uzio, penye mtaro. Hapo watoto husahau adabu na kila mmoja hupita pake. Nilifundishwa haya nikiwa juu ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea, na nilianguka mara nyingi hata nikaijua theluji kwa ladha.

Sasa nifike kwa Birger. Birger alikuwa mfugaji wa kondoo Roslagen, kaskazini ya mji, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Simbamangu alikuwa amelivamia zizi lake na kumwulia kondoo. Ofisi ya mkoa ilituuliza, tukakubali, akapewa kibali cha kumpiga mnyama mmoja, kwa sharti kwamba asiwe mama mwenye watoto. Wawindaji wengine walitutumia mizoga kwa treni ndani ya kasha. Birger alimleta mwenyewe kwenye kiti cha nyuma cha gari lake, amemfunika blanketi la sufi, na damu ameisafisha kwa theluji. Akaomba abaki atazame. Hakuna mwindaji aliyewahi kuomba hivyo, lakini Åke akamvutia kiti.

Alikuwa jike mzuri ajabu, mzito, manyoya ya tumbo meupe na marefu. Nikafanya kazi yangu kama kawaida, Birger akauliza hili na lile, na Åke akajibu yale aliyoyasikia. Nikautandaza mfuko wa uzazi juu ya kioo, nikawasha taa. Nikaona doa, na doa, na doa. Meusi, mapya. Nikamtazama Åke, naye akainama, akatazama.

"Unahesabu nini?" Birger akaniuliza.

Kiswidi changu wakati ule kilikuwa cha kuombea chumvi. Sikuwa na njia ya kuzunguka. Nikasema, "Watoto."

Akavua kofia. Akaiweka magotini, akaitazama. "Wa lini?"

"Wa kiangazi kilichopita," Åke akajibu. "Kama wapo hai, wako huko kwako sasa hivi."

"Niliuzunguka msitu," Birger akasema. "Nilimfuata kutoka uzio mpaka nilipompiga. Kulikuwa na gogo, nyayo hazikugawanyika. Kulikuwa na mtaro, hazikugawanyika. Åke, nilifanya kila kitu."

"Najua. Hazikugawanyika kwa sababu alikuwa peke yake." Åke alizungumza taratibu, kama mtu anayemfunga mwenzake kidonda. "Mama akishaua mnyama mkubwa huwaacha watoto palepale wakila, yeye anakwenda mbali kutazama kingine. Ulimkuta safarini."

Ndiyo hivyo, wanangu. Mtu alikuwa amefuata kila tulichomfundisha, na kila alichofuata kilimpeleka kwenye kosa. Sikuwahi kumwona mwanamume wa Kiswidi akilia kabla ya siku ile. Hakufanya kelele. Alijipangusa kwa kofia, akauliza afanye nini.

Na hilo nalo lilikuwa na jibu lake, bahati mbaya. Utaratibu wetu wakati ule ulisema watoto wa simbamangu wasio na mama katikati ya baridi wapigwe risasi, kwa huruma, kabla njaa haijawamaliza polepole. Bosi wetu aliusoma utaratibu huo kwa simu kana kwamba anasoma ratiba ya treni. Na wawindaji wa kule wana desturi yao pia, ya zamani kuliko utaratibu wetu: aliyeanza ndiye anayemaliza. Mnyama uliyemjeruhi humwachii mwenzako. Birger hakungoja kuambiwa. Alisema atawapiga yeye, ila akaomba mmoja wetu awepo, mtu wa kumwambia kwa hakika kwamba hawana njia nyingine. "Siwezi kukosea tena," akasema.

Tulikwenda kesho yake. Nyonga ya Åke haikumruhusu kuingia msituni, kwa hiyo alibaki garini barabarani na chupa ya kahawa. Kabla sijashuka alinishika mkono wa koti.

"Bosi amesema wapigwe," nikamkumbusha.

"Bosi yuko Stockholm. Huko ndani, anayeona ndiye anayesema, na anayeona ni wewe. Doa lilikuambia walizaliwa watatu, halikukuambia wangapi wako hai wala wana hali gani. Tazama matumbo. Tazama wanavyotembea. Wakiwa wanalamba mifupa tu, mwambie apige, na usimtese kwa kusitasita. Wakiwa wanajua kuua, mwambie aache."

Nikaingia msituni nimebeba maneno hayo. Naapa sikuwahi kubeba kitu kizito zaidi. Nilikuwa mgeni, nina misimu michache ya theluji, na nyuma yangu mtu mwenye bunduki anangoja kauli yangu.

Namna ya kuwapata ilikuwa moja tu. Hapakuwa na theluji mpya tangu siku alipopigwa, kwa hiyo njia ya mama ilikuwa bado wazi. Kwa kawaida unamfuata mnyama kuelekea anakokwenda. Sisi tulianzia kwenye damu, tukamfuata kinyume, kuelekea alikotoka. Kila tulipopiga hatua tulikuwa tunamrudisha kwenye uhai wake. Kwanza tukakuta hatua ndefu, alipokuwa akikimbia. Halafu zikawa fupi, za mnyama asiyejua lolote. Halafu tukakuta gogo aliponyoosha kucha zake, vipande vya gome vimetapakaa juu ya theluji. Penye mtaro alikuwa ameruka mara moja akatua upande wa pili bila kuteleza. Birger alijaribu kuupima mruko ule kwa macho, akaacha, akatikisa kichwa. Nilisahau baridi. Nilikuwa nimeshika mizoga mingi ya wanyama hawa, najua uzito wa ini lao, lakini sikuwahi kutembea na mmoja asubuhi nzima, nikajua alisimama wapi na alitazama nini.

Njia ikapanda kwenye mwamba mkubwa. Juu yake tukakuta alipoketi. Joto la mwili wake lilikuwa limeyeyusha theluji, kisha ikaganda tena kuwa barafu, na manyoya machache yamenaswa humo. Maana yake alikaa sana. Nikasimama palepale, nikatazama alikotazama. Chini yetu kulikuwa na zizi la kondoo, na nyumba, na dirisha la jikoni lenye mapazia mekundu.

Birger akachuchumaa kando yangu, akaitazama nyumba yake kutoka mahali ambapo hakuwahi kuitazama.

"Asubuhi ile nilikuwa nakunywa kahawa pale," akasema. "Nilikuwa natazama huku huku. Sikuona kitu."

Nyayo hazikuelekea zizini. Alikuwa ameketi, ametazama, kisha akainuka na kushika njia nyingine. Kwa nini hakuwataka kondoo siku ile sijui, na wala sitajifanya najua. Tuliendelea.

Mzoga tuliukuta mchana umeanza kuinama, chini ya misonobari iliyosongamana. Alikuwa paa wa huku, aliyefunikwa nusu kwa theluji na manyoya yake mwenyewe, kama alivyomfunika mama kabla ya kuondoka. Nyama ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na mbavu, kichwa, na ngozi iliyogeuzwa. Na pande zote nyayo, ndogo kuliko za mama, zikienda, zikirudi, zikizunguka, za wanyama ambao hawajui waelekee wapi. Nikazitenganisha kwa kuchuchumaa na kupima kwa vidole. Mmoja, wa pili, wa tatu. Wote watatu walikuwa hai. Moyo ulifurahi, halafu nikamwona Birger anaangalia mifupa ile mitupu, na furaha ikanitoka.

Palikuwa na mti ulioangushwa na upepo, mizizi yake imesimama juu. Tukajificha nyuma ya mizizi hiyo, tukalala juu ya matawi. Tuliganda sana. Kisha nikasikia sauti ambayo sijaisikia kabla wala baada ya siku ile, ya chini, ya ukali kidogo, kama mlango wenye kutu. Ni watoto wakimwita mama yao. Sauti ilitoka kulia, ikajibiwa kushoto. Birger alifumba macho.

Wakatoka. Wa kwanza alikuja moja kwa moja kwenye mifupa akaanza kulamba. Alikuwa mwembamba, nyonga zinaonekana chini ya manyoya. Wa pili akaketi mbali, masikio yamesimama, bado anaita. Wa tatu nilimwona kichwa tu, kati ya matawi. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona vishungi vya masikio vikitikisika. Walikuwa wazuri, wanangu. Sina neno jingine. Walikuwa wazuri na walikuwa na njaa, na mimi nilitakiwa kusema.

Birger akainua bunduki. Akanitazama kwa pembe ya jicho. Nikatazama tumbo la yule anayelamba, limeingia ndani. Analamba mifupa, nikajisemea. Åke alisema wakilamba mifupa. Nilifungua mdomo kweli, na neno lilikuwa tayari.

Yule aliyekuwa akiita akanyamaza ghafla. Akashuka chini mpaka tumbo likagusa theluji. Mimi sikuona kitu mbele yake. Birger ndiye aliyeona, akainua kidole kimoja kutoka kwenye bunduki. Sungura, mweupe kama wanavyokuwa wakati wa baridi, alikuwa ameketi kando ya kichaka, anatafuna gome, na jicho tu ndilo lililomsaliti. Simbamangu mdogo akajivuta. Akasimama. Akajivuta tena.

Aliruka mapema mno. Hata mimi niliona. Sungura akafyatuka, theluji ikaruka, na mtoto akaanguka kwa kifua pale sungura alipokuwa. Birger alitoa pumzi ndefu, na kichwa chake kikarudi kwenye bunduki. Lakini sungura alikuwa anakimbilia kwenye matawi, na ndani ya matawi yale alikuwamo wa tatu. Hatukumwona akiruka. Tuliona tu sungura akisimamishwa hewani, kisha akiwa chini ya miguu miwili mipana.

Kama walipanga, au kama yule wa tatu alikuwa amelala tu mahali pazuri, sijui mpaka leo. Nimewauliza mabingwa, na kila mmoja ana jibu lake na hakuna anayejua. Ninachojua ni kwamba wa tatu alimshika sungura kwa meno, akamleta mpaka kwenye mifupa ya paa, mahali mama alipowaacha, na wengine wawili wakaja. Walikoromeana, wakavutana, manyoya yakaruka. Yule mwembamba alipata paja, akakimbia nalo pembeni akala kwa kufumba macho. Nilijiona mdogo sana pale chini ya mizizi. Nilikuwa nimekaribia kusema neno juu ya viumbe ambao nilikuwa sijawaelewa hata robo.

Nikamgusa Birger begani, nikatikisa kichwa. Hapana.

Aliendelea kutazama kupitia bunduki kwa muda, nikaogopa hajanielewa. Kisha akaishusha. Akatoa risasi moja moja, taratibu, zisigongane, akazitia kwenye kiganja changu. Tukarudi nyuma kwa matumbo, halafu kwa magoti, na tulipofika mbali tukasimama na kutembea.

Åke alikuwa ameshusha kioo cha gari, sikio zima limeelekea msituni. Alikuwa anasubiri mlio. Nilipomfikia nikamwonyesha risasi.

"Wanawinda?" akauliza.

"Mmoja alikosa, mmoja alipata, mmoja alikula."

"Basi," Åke akasema. "Bosi niachie mimi." Na kweli alimkabili. Makelele yao yalisikika mpaka maabara, na kwa kuwa Åke hasikii vizuri alishinda. Tangu baridi ile tukaanza kuwatazama kwanza watoto wa namna hiyo kabla ya kuamua, na ndivyo mnavyofanya nyinyi leo. Mkiona utaratibu huo kwenye faili, msidhani ulitoka kwenye mkutano.

Tukampeleka Birger nyumbani kwake. Akatutilia kahawa jikoni, kwenye dirisha lile lenye mapazia mekundu. Tulipokuwa tunavaa makoti Åke akakumbuka jambo la kiofisi. Kwa mujibu wa kibali ngozi ilikuwa mali ya Birger. Ilikuwa ngozi ya kwanza ya simbamangu katika ukoo wao, na watu wa kule huitundika ukutani sebuleni, wageni waione. Åke akamwuliza tumtumie kwa treni au atakuja kuichukua mwenyewe.

Birger alitazama nje, juu, kuelekea mwamba. Kulikuwa kunaingia giza na hakukuonekana kitu.

"Kaeni nayo," akasema. "Wale watatu nao watakuja kuketi pale juu. Nyumba hii haina ukuta wa kumtundika mama yao wasimwone kutoka kule."